Jenereta ya "Umeme wa Bure" Imegoma: Tafuta Tatizo Dalili kwa Dalili

Mfumo wenyewe unajulikana. Betri inaanzisha mota, mota inazungusha flaiwili (gurudumu zito la kutunza mwendo), flaiwili inazungusha altaneta ya gari, altaneta inarudisha umeme kwenye mota, na unaobaki unawasha nyumba. Mtandaoni zimejaa video zake, na kila umeme unapokatika mtaani hakosi kijana wa kwenda kununua mkanda na beringi ili ajaribu ya kwake. Mashine inazunguka, watu wanakusanyika, kisha inasimama. Hapo ndipo gharama halisi inapoanza, kwa sababu kila ushauri anaopewa ni wa kununua kitu kingine: beringi nzuri zaidi, flaiwili nzito zaidi, altaneta kubwa zaidi.

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu huyo, kabla hajatoa fedha nyingine. Naanza na jibu ili nisimpotezee muda: hakuna spea itakayoiponya. Mashine hizi zote, za umeme, za mawe, za sumaku na za maji, zinadai kutoa nishati ambayo haikuingia popote. Akademia ya Sayansi ya Paris iliacha kupokea mapendekezo ya mashine za mwendo usiokoma mwaka 1775, na katika miaka ya 1840 James Joule wa Uingereza na Hermann von Helmholtz wa Ujerumani, mmoja kwa vipimo na mwingine kwa hesabu, walionyesha ni kwa nini: nishati hubadilika sura tu, jumla yake haiongezeki. Lakini si lazima unikubalie kwa sababu ya majina hayo. Kila dalili hapa chini ina kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe, kwenye mashine yako.

Inazunguka vizuri, lakini ukiwasha taa inapoteza mwendo na kusimama

Hii ndiyo dalili ya kwanza na ndiyo inayopotosha kuliko zote. Bila mzigo, mashine inaonekana iko karibu kabisa kufanikiwa. Ukiwasha balbu moja tu, sauti inabadilika, mkanda unalia, na muda si mrefu kila kitu kimetulia. Wengi wanadhani altaneta ni mbovu, au mkanda unateleza.

Altaneta haina kasoro. Ndivyo inavyotakiwa kufanya. Umeme ukianza kupita kwenye koili zake, koili hizo nazo zinageuka sumaku, na sumaku hiyo inavuta kinyume cha mzunguko. Heinrich Lenz, mwanafizikia aliyefanya kazi St. Petersburg, aliieleza kanuni hiyo mwaka 1834. Kadiri unavyochota umeme mwingi, ndivyo shafti inavyokuwa nzito kuzungusha.

Hakikisha hivi. Tafuta mota ya umeme wa betri yenye sumaku za kudumu ndani, kama ile ya feni ya rejeta ya gari. Iachie nyaya zake mbili zisigusane, kisha izungushe shafti kwa vidole. Inakwenda laini. Sasa ziunganishe nyaya hizo mbili na uizungushe tena. Utaihisi imekuwa nzito, kana kwamba mtu ameimwagia gundi ndani. Hukuongeza msuguano wowote, hukugusa beringi. Umeruhusu umeme kupita, basi. Uzito ule mkononi mwako ndio gharama ya umeme, na hakuna altaneta duniani inayotoa umeme bila kuutoza.

Sasa tupige hesabu ya mzunguko mzima. Mota ndogo nzuri inageuza takriban asilimia 80 ya umeme kuwa mzunguko, iliyobaki inakuwa joto. Mkanda uliokazwa vizuri unapitisha takriban 95. Altaneta ya kawaida ya gari inafikia kama 60 katika hali nzuri, mara nyingi chini ya hapo. Ingiza wati 100: baada ya mota zinabaki 80, baada ya mkanda 76, na altaneta inakurudishia wati 45 au 46. Ukipitisha kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) yenye ufanisi wa asilimia 90 unabaki na 41. Ni sawa na kujitumia fedha zako mwenyewe kupitia mawakala wanne, kila mmoja akikata ada, halafu ukatarajia zirudi zimezaa.

Watu wakiiona hesabu hiyo huwa wanajibu haraka: basi nitapunguza upotevu. Waya mnene, beringi za bei, mkanda mpya, na siku moja nitafika. Tafadhali soma aya hii polepole, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zinapozama. Tuseme umepata mota, mkanda na altaneta visivyopoteza chochote kabisa. Umeingiza wati 100, zimerudi wati 100. Zote zinahitajika na mota ili iendelee kuzunguka. Ya balbu itatoka wapi? Balbu ya wati 10 ikiwashwa, mota inapata 90, mwendo unashuka, na safari ya kusimama imeanza. Msuguano unaamua tu mashine itasimama baada ya sekunde ngapi. Ungeumaliza wote, bado mashine isingekuwa na cha kukupa.

Nimeweka flaiwili nzito na bado inasimama, ila inachelewa

Flaiwili inahifadhi nishati, haizalishi. Kile inachokupa wakati wa kupungua mwendo ni kilekile mota ilichoiwekea wakati wa kuikimbiza.

Ni kiasi gani hasa? Chukua sahani ya chuma yenye kilo 50 na nusu kipenyo cha sentimita 30, iliyojaa sawasawa, inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Hicho ni chuma kikubwa, cha kutisha kikiwa kasi. Nishati yake ni takriban jouli 27,800, yaani wati-saa 7.7. Ingeweza kuwasha balbu ya wati 100 kwa dakika nne na nusu hivi, endapo ungeichota yote mpaka chuma kisimame na usipoteze chochote njiani. Betri ya simu janja ya kawaida inabeba zaidi ya hiyo.

Ndiyo maana mashine yenye flaiwili huwadanganya hata watu makini. Unachomoa betri mbele ya umati, taa inaendelea kuwaka, video inarekodiwa kwa dakika mbili, inakatwa. Kilichoonekana ni kweli tupu: taa iliwaka bila betri. Kisichoonekana ni dakika ya tano.

Ukitaka kupima, kimbiza flaiwili mpaka mwendo wake wa kawaida, chomoa betri, na uhesabu muda wa kusimama bila taa, kisha kwa taa moja, kisha kwa taa mbili. Muda utazidi kupungua kila ukiongeza mzigo. Mashine inayozalisha nishati isingekuwa na tabia hiyo. Na tahadhari ambayo siitoi kwa kutimiza wajibu: kilo 50 za chuma zilizochomelewa gereji, zikiachia kwenye shafti katika mwendo huo, zinaua. Weka kinga ya chuma, na usisimame kamwe usawa wa ukingo wake.

Imewaka usiku kucha, kwa hiyo inafanya kazi

Angalia betri. Betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 inabeba takriban wati-saa 1,200. Balbu ya LED ya wati 9 ingeweza kukaa juu yake zaidi ya saa 100 kwa hesabu ya karatasini, na hata ukitumia nusu tu ya chaji ili usiiharibu, umepata siku mbili na zaidi. Usiku mmoja haujathibitisha chochote.

Kipimo chake ni rahisi, na sijui kwa nini hakifanywi zaidi. Chaji betri ijae. Endesha mashine nzima pamoja na taa zake mpaka betri iishe, andika muda. Chaji tena ijae. Safari hii toa mota, flaiwili na altaneta, funga taa zilezile moja kwa moja kwenye betri, andika muda. Taa zitakaa zaidi bila mashine. Kama mashine ingekuwa inaongeza nishati, ingekuwa kinyume chake.

Kuna mtego mwingine wa betri. Ukiipumzisha baada ya kuitumia, volti zake zinapanda zenyewe. Mtu anaona mita imetoka 11.8 mpaka 12.2 na anaamini mashine imeichaji. Haikuichaji. Kemia ya ndani inatulia tu baada ya kazi. Betri ya asidi inayochajiwa kweli inaonyesha kwenye nguzo zake takriban volti 13.8 hadi 14.4 wakati chaji inaingia, na iliyojaa ikishapumzika inasimama karibu na 12.7. Soma volti baada ya saa kadhaa za mapumziko, siyo mara tu baada ya kuzima.

Mita inaonyesha umeme unaotoka ni mwingi kuliko unaoingia

Hapa nawaheshimu wanaofika, kwa sababu angalau wamepima. Tatizo liko kwenye namna ya kupima, na sababu huwa moja kati ya hizi.

Ya kwanza: umelinganisha volti na volti. "Inaingia 12, inatoka 230." Transfoma na inveta zinapandisha volti kwa kushusha ampea. Ampea 10 za volti 12 ni wati 120. Kwenye volti 230 wati hizohizo ni kama nusu ampea tu, na kwa kweli zitakuwa pungufu ya hapo.

Ya pili: umezidisha volti kwa ampea kwenye umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo, kama wa gridi) na kuita jibu wati. Kwenye hita hilo ni sahihi. Kwenye mota, koili na kapasita si sahihi, kwa sababu volti na ampea hazifiki kileleni pamoja, na jibu lako linakuwa kubwa kuliko nguvu halisi.

Ya tatu ni ya hila zaidi. Multimita nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kusoma wimbi laini la umeme wa gridi. Ukizipa umeme wa kukatakata, wa mipigo mifupi mikali kama inayotoka kwenye koili inayowashwa na kuzimwa haraka, zinasoma namba isiyo na uhusiano na ukweli. Mashine nyingi zilizotangazwa kuwa na "ziada" ni za mipigo ya aina hiyo. Joseph Newman wa Marekani alipigania hataza ya mashine ya koili na sumaku mpaka mahakamani. Mwaka 1986 Ofisi ya Taifa ya Viwango ya nchi hiyo ikaipima kwa vyombo vinavyofaa, na katika hali zote walizojaribu, nguvu iliyoingia ilikuwa kubwa kuliko iliyotoka.

Kama huna vyombo vya gharama, tumia maji. Joto halijali umbo la wimbi. Funga hita kama mzigo pekee, itumbukize kwenye lita 2 za maji ndani ya chombo kilichofungwa vizuri kisipoteze joto, na upime maji yamepanda nyuzi ngapi. Lita moja ya maji inahitaji takriban jouli 4,186 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo lita 2 zikipanda nyuzi 10, umepata jouli 83,700, yaani wati-saa 23. Linganisha na zilizotoka kwenye betri, kwa volti na ampea za DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) na muda. Joule mwenyewe alitumia maji na kipimajoto, na matokeo yake bado yanasimama.

Gurudumu la mawe au vyuma linazunguka kidogo, linayumba, linatulia

Hili ni la zamani kuliko umeme. Bhaskara wa Pili wa India, karibu mwaka 1150, alieleza gurudumu lenye mirija iliyojazwa zebaki nusu. Villard de Honnecourt wa Ufaransa alichora lenye nyundo katika karne ya 13. Wazo ni kwamba upande unaoshuka, vyuma vinajitanua mbali na ekseli, hivyo vinavuta zaidi.

Ni kweli vinavuta kutoka mbali zaidi. Lakini simamisha gurudumu lako na uhesabu vyuma kila upande. Upande wenye mikono mirefu una vyuma vichache, upande wa mikono mifupi umejaa. Zidisha kila uzito kwa umbali wake kutoka mstari wima wa ekseli, jumlisha kila upande, na utapata mahali ambapo pande mbili zinalingana. Hapo ndipo linapotulia kila mara. Tia alama kwa chaki, lisukume, liache. Litarudi kwenye mojawapo ya alama hizo. Na kila chuma kilichoshuka lazima kipandishwe kimo kilekile ili duara likamilike, kwa hiyo hakuna kilichosalia.

La sumaku linavutwa vizuri, kisha linaganda mahali pamoja

Mahali hapo pa kugandia si makosa ya upangaji. Sumaku inayolivuta gurudumu kulikaribia, inalishikilia lisiondoke. Nishati uliyopewa wakati wa kukaribia ndiyo unayodaiwa wakati wa kutoka. Ukizigeuza pembe, ukaweka vipande vya chuma vya kukinga, unahamisha tu mahali pa kugandia, maana hata kuingiza na kutoa hicho chuma cha kukinga kunahitaji kazi. Sumaku za niodimiamu zinafanya mvuto uwe mkali zaidi na mgando uwe mkali vilevile. Usiongeze nyingine.

Maji yanayojipandisha yenyewe

Gurudumu la maji linaloendesha pampu inayorudisha maji juu lilichorwa na Robert Fludd wa Uingereza mwaka 1618. Lita 100 zikishuka mita 3 zinatoa jouli 2,943, na kuzipandisha tena mita 3 kunadai jouli hizohizo 2,943, kabla gurudumu na pampu hazijachukua chao.

Mashine ya maboya kwenye mnara wa maji inastahili neno moja zaidi kwa sababu inashawishi sana: maboya yanapanda ndani ya maji, yanashuka hewani upande wa pili, mnyororo unazunguka. Boya la lita 10 likipanda mita 5 ndani ya maji linatoa takriban jouli 490. Sawa. Lakini lazima liingie kwa chini, kwenye kina cha mita 5, na kuingia maana yake ni kusukuma lita 10 za maji zipishe dhidi ya shinikizo la pale. Kazi ya kuzisukuma ni takriban jouli 490. Namba hizo mbili hazijakutana kwa bahati. Ndiyo maana boya linakwama mlangoni, na si kwa sababu ya mpira wa kuzuia maji.

Haisimami kabisa

Basi kuna mlango wa nishati ambao hujauona, na kuutafuta ni kazi ya kufurahisha. Katika miaka ya 1760 James Cox wa London alionyesha saa isiyohitaji kutiwa ufunguo. Ndani yake ilikuwa na kilo 68 hivi za zebaki. Hewa ikibadilika uzito, zebaki ilipanda na kushuka na kuijaza saa nguvu. Katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, ipo saa ya Arthur Beverly ya mwaka 1864 inayokula tofauti ya joto la siku. Kengele ya Oxford imekuwa ikigonga tangu 1840 kwa betri kavu, kwa sababu kila pigo linatumia umeme mdogo mno. Mashine nzuri sana hizo, na zote zina chanzo.

Mara nyingine chanzo kimefichwa makusudi. Charles Redheffer alilipisha watu wa Philadelphia mwaka 1812 waione mashine yake, iliyodaiwa kuendesha mashine nyingine kwa meno ya gia. Mmoja wa wakaguzi alikuja na mwanawe, Coleman Sellers, na kijana huyo akaona kitu ambacho fundi yeyote angepaswa kukitazama kwanza: meno yalikuwa yameliwa upande usio sahihi. Ile "inayoendeshwa" ndiyo iliyokuwa inaendesha. Redheffer akahamia New York, na mwaka 1813 mhandisi Robert Fulton akasikia mwendo wa mashine unapanda na kushuka kama wa mkono wa mtu. Akabomoa mbao za ukutani, akakuta mkanda uliopita mpaka chumba cha juu, ambako mzee mmoja alikuwa anazungusha mkono wa kuchezesha mashine.

Kwa hiyo ukiletewa ya kuuziwa, dai ifungwe mzigo unaoujua, hita ya wati 1,000, na iendeshwe siku nzima mahali ulipochagua wewe, juu ya meza uliyoileta wewe. Siku moja ya mzigo huo ni kilowati-saa 24. Ili kuidanganya, mtu angehitaji kuficha betri 20 za Ah 100. Anayekataa kipimo hicho usimpe hata malipo ya awali, na kama ameshachukua fedha za jirani zako, waambie.

Nifanye nini na vifaa nilivyokwisha kununua?

Betri na inveta zinangoja paneli ya jua na chaja yake. Hapo utapata kweli umeme usiolipiwa kila mwezi. Flaiwili inafaa sana kwenye mashine ya pedali ya kupukuchua mahindi, kwa sababu inasawazisha mikiki ya miguu. Altaneta inahitaji kitu cha kuizungusha ambacho hukilishi wewe. Kama kwenu kuna kijito kinachotoa lita 20 kwa sekunde na mteremko wa mita 5, hapo pana wati 981 zinazoshuka mchana na usiku. Hata ukiambulia nusu tu, ni wati 490, karibu kilowati-saa 12 kwa siku. Altaneta ya gari inataka mwendo mkubwa kuliko gurudumu la maji, kwa hiyo anza na puli: kubwa kwenye gurudumu, ndogo kwenye altaneta. Na kabla ya kukata chuma chochote, kapime maji hayo mwishoni mwa kiangazi, kwa ndoo na saa.